MANENO YA NESI, SEHEMU YA 14: Kichwa cha mtoto na ile "nusu" ya kwenye simu

Wiki iliyopita niliahidi kuendelea na mambo ya kitovu. Kitovu kitasubiri kidogo. Kuna jambo limetokea, na mimi mwenyewe nimo kwenye makosa, kwa hiyo nimeona niliandike kabla sijaanza kulipamba.

Mama mwenye mtoto amenipa ruhusa. Nitamwita Mama Junior, kwa sababu ukiita "Mama Junior" sokoni hapa Kyela wanageuka kumi, hutamjua ni yupi.

Ilikuwa saa nne usiku. Nimetoka kazini, miguu imevimba, mvua ya mwezi wa nne inapiga bati kama mtu anamwaga kokoto. Simu ikalia. WhatsApp. Picha moja, na chini yake maneno matatu: "Nesi, kichwa hiki?"

Nikaifungua. Ni sebule, ndugu wamekaa wamebanana kwenye makochi na mkeka, kama watu kumi na wawili hivi, wamevaa vizuri. Kulia kabisa ukingoni kuna mama mdogo wa mtoto, na mikononi mwake Junior, miezi mitatu. Kichwa chake, jamani, kilikuwa kirefu kimevutika kuelekea kona ya picha kama papai. Paji la uso limetokeza. Uso umekuwa mdogo chini ya hicho kichwa.

Ukiwa nesi, ukiona kichwa cha mtoto mchanga kimekuwa hivyo, akili inaruka moja kwa moja kwenye maji kujaa kichwani. Tumewaona. Tunajua mtoto akichelewa inakuwaje. Basi nikaandika haraka: "Mlete asubuhi na mapema." Nikalala.

Yeye hakulala. Nilikuja kujua baadaye kwamba picha ile ilikuwa imeanzia kwenye grupu la ukoo. Shangazi mmoja aliye Dar aliikuza kwa vidole viwili, akauliza mbele ya watu wote, "Huyu mtoto kichwa chake vipi?" Mwingine akajibu kwamba naye aliliona hilo ila alinyamaza. Mpaka jioni mama mkwe alikuwa ameshaanza kuuliza kwa upole, ule upole mnaoujua, kama upande wa akina mama kuna mtu aliwahi kuzaliwa hivyo. Baba wa mtoto yuko kimya. Kisha mimi, mtu wa hospitali, nikaongezea "mlete mapema". Mnaona nilichofanya? Niliwapa wale wote mhuri.

Anakaa upande wa Matema. Alitoka gizani, bodaboda mpaka Ipinda, kutoka Ipinda mpaka hapa mjini, mvua juu, mtoto kafungwa kwa vitenge viwili na nailoni. Alipofika alikuwa analowa mpaka kwenye mifupa, mtoto mkavu.

Nikamfungua Junior. Akaniangalia, akacheka.

Nikachukua tepu, nikaizungusha juu kidogo ya nyusi, ikapita juu ya masikio mpaka kwenye ule mwinuko wa kisogoni. Sentimita 40. Nikapima tena. 40. Nikamwomba mwenzangu apime bila kumwambia nilichopata. 40. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume wa miezi mitatu wa katikati kabisa ana sentimita 40 na nusu. Utosi ulikuwa laini, haujavimba wala kubonyea. Macho yanafuata kidole changu. Kichwa cha mviringo, kizuri, kama cha mtoto yeyote.

Nikamwambia, "Mama Junior, mtoto hana shida." Akalia. Nikadhani ni furaha. Akasema, "Sasa nitawaambia nini nyumbani? Picha wanayo."

Hapo ndipo nikaomba kuiona picha tena, kwenye simu yake, nikiwa nimetulia. Nikamuuliza nani alipiga. Mdogo wake, wa kidato cha tatu. Chumba ni kidogo, watu hawaenei, akabonyeza ile nusu.

Mnaijua. Ukifungua kamera, chini kuna namba ndogo: 0.5 au 0.6, kisha 1, kisha 2. Vijana wanasema "weka nusu". Kampuni ya LG iliweka kamera pana ya pili kwenye simu yake ya G5 mwaka 2016, iPhone 11 ikaifanya maarufu mwaka 2019, na leo hata simu za bei ya kati wanazouza mjini zinayo nyingi. Kazi yake ni kuona mahali papana kwa wakati mmoja. Kamera ya kawaida ya simu huona kama nyuzi 80 kutoka kona hadi kona. Hii ya nusu huona kama nyuzi 120. Ndiyo maana ukoo wote unaenea bila mtu kurudi nyuma na kugonga kabati la vyombo.

Lakini nafasi hiyo haiji bure, na anayelipa ni mtu aliyekaa pembeni.

Fanya jaribio hili leo kama una simu hiyo. Weka chungwa mezani. Kaa, bonyeza nusu, chungwa likiwa katikati ya kioo, piga. Usisogee. Geuza simu tu mpaka chungwa liende kwenye kona kabisa ya kioo, piga tena. Linganisha. La kwanza ni chungwa. La pili ni yai, na ncha yake inaelekea kona. Chungwa ni lilelile, umbali uleule, mkono uleule. Nimefanya na chungwa, nimefanya na kofia ya chupa ya uji, nimefanya na kichwa changu mwenyewe mwanangu akipiga, akacheka mpaka akaketi chini. Kwa lenzi ya nyuzi 120, kitu cha mviringo kikikaa kwenye kona kabisa hurefuka mpaka urefu wake unakuwa mara mbili ya upana. Mara mbili! Sasa weka hapo kichwa cha mtoto wa miezi mitatu, halafu kitume kwa mashangazi.

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mkubwa, anapiga picha za harusi na ubatizo hapa Kyela. Jioni ile nikampigia nikiwa na hasira, kama yeye ndiye aliyetengeneza simu. Akaniambia, "Dada, unakumbuka ubatizo wa mwanao? Unakumbuka bibi?"

Nikakumbuka. Wengi wenu mmeshasoma habari za bibi yangu kwenye sehemu zilizopita, yule mwenye maneno. Siku ya ubatizo tulikuwa sebuleni kwetu, mvua imetukimbiza ndani, na dogo alikuwa na lenzi mbili za kamera yake kubwa, zote za kuona mahali papana. Ya kwanza ni kama ile nusu ya simu. Akapiga. Bibi alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Kwenye picha, kuta zimenyooka, fremu ya mlango imenyooka, silingibodi safi kabisa. Ila bibi alikuwa na bega la mpiga mieleka na shavu limemwagikia kwenye kona. Akaitazama muda mrefu. Akasema, "Mmeninenepesha ili mseme mnanilisha vizuri."

Dogo akabadilisha lenzi, akaweka ya pili, kioo chake kimetokeza nje kama jicho la chura. Hiyo ndiyo wanaiita jicho la samaki. Akapiga tena, kila mtu palepale alipokaa. Sasa benchi limepinda kama mtumbwi, mlango umepinda kama ndizi, ukuta umebinuka. Lakini bibi alikuwa bibi. Kichwa kina umbo lake, amebanwa kidogo, ameinama kidogo kuelekea katikati kama anasikiliza umbea. Akasema hii ndiyo picha. Tukamwambia, bibi, nyumba imepinda. Akajibu kwamba nyumba haina macho ya kujiona.

Siku ile nilicheka tu, sikuwaza zaidi. Safari hii nikamwambia anieleze kwa nini, na akanieleza kwa chungwa lilelile nililokuwa nimelishika.

Menya chungwa vizuri, ganda litoke kipande kikubwa kimoja. Sasa lilaze juu ya meza liwe bapa kama karatasi. Haliwezekani. Ama linachanika, ama unalivuta pembeni mpaka linakuwa na umbo lingine. Dunia inayotuzunguka tunaiona ikiwa imetuzunguka, juu, chini, kulia, kushoto, kama tuko ndani ya chungwa. Picha ni bapa. Ukichukua sehemu ndogo tu ya ganda, kama kamera ya kawaida inavyofanya, kulilaza si tabu, hutaona tofauti. Ukichukua ganda pana, lazima kitu kiharibike. Mtengeneza lenzi anachoweza kuchagua ni kitu gani.

Lenzi ya kunyoosha, kama hii ya simu, imechagua mistari. Ukuta ulionyooka utabaki umenyooka, nguzo itabaki nguzo. Ili kuyapata hayo, inavuta kila kilicho pembeni kuelekea nje. Jicho la samaki limechagua maumbo. Kitu kidogo cha mviringo kinabaki karibu na mviringo hata kikiwa pembeni (kwa pembe ileile inayorefusha chungwa mara mbili kwenye ile nyingine, jicho la samaki la kawaida hulibana kama robo tu), na ili kuyapata hayo inakunja mistari yote isiyopita katikati. Hakuna iliyo ya kweli. Moja inasema kweli kuhusu nyumba, nyingine inasema karibu na kweli kuhusu watu.

Na kuna kitu kilinishangaza. Dogo anasema lenzi ya nusu kwenye simu, kioo chenyewe kilivyo, hupinda mistari kidogo kama jicho la samaki. Simu ndiyo inayoinyoosha kwa hesabu, kabla wewe hujaiona. Kwa hiyo kuvutika kwa kichwa cha Junior kulifanyika ndani ya simu, katika ile sekunde moja, ili ukuta wa sebule uonekane umenyooka. Baadhi ya simu za siku hizi zinatambua sura za watu pembeni na kujaribu kuzirudisha, na hapo ukiangalia vizuri utaona ukuta nyuma ya mtu umepinda kidogo. Ile ya mdogo wake Mama Junior haikuwa na ujanja huo.

Sisi tuliokulia ziwani jicho la samaki tunalijua kabla ya kamera. Nikiwa darasa la tano hivi, mgeni mmoja aliyefika Matema alituazima miwani ya kuogelea. Maji ya Nyasa pale asubuhi, kabla upepo haujaamka, ni kama kioo. Tukazama, tukageuka, tukatazama juu. Nikaona duara moja kubwa linang'aa juu ya kichwa changu, na ndani ya duara hilo kila kitu: anga, mawingu, Milima ya Livingstone imejikunja ukingoni, mitumbwi ya wavuvi wa usipa, hata minazi ya ufukweni imelala kwa kufuata ukingo. Nje ya duara ni giza la kijani. Nilidhani ni miujiza, nikatoka nikamwambia mama, akaniambia niache kuzama.

Si miujiza. Mwanga unapoingia majini unapinda, ndiyo maana kasia likiwa nusu majini linaonekana limevunjika. Kwa sababu ya kupinda huko, anga lote kutoka upeo hadi upeo, nyuzi 180, linabanwa ndani ya duara lisilofika nyuzi 100. Mbasa akiwa chini anakuona wewe ufukweni, na anga lote, bila kugeuza shingo, na shingo yenyewe hana. Mwanafizikia mmoja wa Marekani, Robert W. Wood, alitaka kuona hilo kwa picha. Akachukua ndoo, akaweka sahani ya kupigia picha chini, lenzi ndogo katikati, akaijaza maji, akafunika kwa kioo ili maji yasitikisike. Mwaka 1906 alichapisha matokeo na ndiye aliyeziita picha za jicho la samaki. Ndoo, mama zangu. Kisha mwaka 1924 Mwingereza Robin Hill akaandika kuhusu lenzi ya vioo vitupu, bila maji, aliyoitengeneza ili kupiga picha ya anga lote na mawingu yake mara moja. Kwa hiyo lenzi hii tangu mwanzo haikutengenezwa kwa ajili ya harusi, ilikuwa ya watu wanaotaka kuona kila kitu na hawajali kama mstari umepinda.

Hata hospitali ipo. Ile kamera nyembamba inayoingizwa kwa mdomo kuangalia vidonda vya tumbo, lenzi yake huona mahali papana na hupinda picha kwa namna hiyohiyo, kilicho katikati kinakuwa kikubwa na cha pembeni kidogo. Daktari anayeitumia amejifunza kuisoma hivyo. Sisi na simu zetu hakuna aliyetufundisha.

Sasa msije mkaichukia nusu. Ina kazi zake. Chumba kidogo, jikoni, shamba la mpunga unapotaka kuonyesha maji yalipofika, hapo inafaa sana. Kwa Milima ya Livingstone haifai, na nashangaa kila mgeni anavyofanya kosa lile lile: anasimama Matema, anabonyeza nusu ili milima ienee, kisha analalamika kwamba imetoka kama vichuguu. Imetoka hivyo kwa sababu imepewa nafasi ndogo katikati ya anga na mchanga mwingi. Rudi kwenye 1, hata 2, uone ukubwa wake. Na jicho la samaki, zile lenzi ndogo za kubana kwenye simu zinazouzwa kwenye pakiti moja na nyingine, wape watoto wachezee wakiwa wamekua. Wanafurahi sana kuona pua zao.

Pua. Hebu nilisemee hili kidogo maana linawaumiza dada zangu waliojifungua karibuni. Picha ya kujipiga mwenyewe kwa mkono, uso ukiwa karibu na simu, inakuza pua. Hilo halitokani na lenzi kuwa pana, linatokana na ukaribu: pua iko karibu na simu kuliko masikio, basi inapewa ukubwa zaidi. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani walikokotoa kwamba picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi huonyesha pua pana zaidi kwa karibu 30% kuliko ya umbali wa mita moja na nusu. Mama ametoka kujifungua, hajalala siku tisa, anajipiga picha na mtoto kitandani, anajiona, anaanza kulia kwamba ameharibika. Mpe mtu simu akupige kutoka mlangoni.

Tuje kwenye picha mnazotutumia sisi manesi, maana hizi ndizo zilizonifanya niandike. Mnatutumia upele, uvimbe, kitovu, kidonda cha jando, kinyesi cha mtoto wakati wa chai (sisemi kitu). Sikatai. Ila ukipiga, angalia namba pale chini iwe 1. Mtoto au sehemu unayotaka nione iwe katikati ya picha, kamwe isiwe ukingoni. Usisogee ukaribu wa pua, simama kama mita moja na nusu hivi, na ukitaka kukuza bonyeza 2 au uniache nikuze mwenyewe. Simu iwe sawa na mtoto, usipige ukiwa juu yake umesimama, kwa sababu kichwa kitakuwa karibu na miguu itakuwa mbali na utanitumia kiluwiluwi. Piga mchana karibu na dirisha. Kwa habari ya macho kuwa ya manjano, msinitumie picha kabisa, taa za nyumbani zinadanganya kwa namna nyingine na huo ni mjadala wa siku yake; mtoto mwenye manjano analetwa.

Kama ni uvimbe au upele, weka sarafu ya mia au mia mbili kando yake, iwe imelala sawasawa na ngozi. Najua mnafikiri ni kwa ajili ya kunionyesha ukubwa, na ni kweli. Lakini mimi naitumia kwa jambo la pili: naangalia kama sarafu ni duara. Ikiwa imekuwa yai, najua picha imevutwa au imepigwa kwa pembe, na siamini umbo la kitu kingine chochote kilichomo. Ukimaliza kupiga, sarafu hiyo itoke mikononi mwa mtoto na irudi kwenye pochi. Sarafu kooni ni sehemu ya 6, mliisoma.

Na kichwa hakipimwi kwa picha, hata iwe nzuri namna gani. Kinapimwa kwa tepu, na cha maana zaidi ya namba moja ni namba mbili au tatu za miezi tofauti, kuona kinavyokwenda. Katika miezi mitatu ya mwanzo huongezeka kama sentimita mbili kwa mwezi, baadaye mwendo unapungua. Leta kadi ya kliniki, omba kipimwe kiandikwe. Una haki ya kuomba.

Ila sikiliza hili vizuri, nisije nikawatoa kwenye kosa moja nikawatia kwenye lingine. Vichwa vinavyojaa maji vipo, na mtoto anayewahi hospitali ana nafasi nzuri kuliko anayezungushwa kwa waganga miezi minne. Ukiona utosi umevimba na kukaza wakati mtoto ametulia na umemkalisha wima, au kichwa kinakua haraka kuliko mwili, au macho yanaelekea chini muda wote kama jua linalozama, au anatapika mara kwa mara, halii vizuri, hanyonyi, anasinzia isivyo kawaida, ana degedege, basi usipige picha. Usinitumie mimi ujumbe. Usiulize grupu. Njoo. Hata usiku, hata na mvua, hapo bodaboda ina maana.

Ya Mama Junior haikuwa na maana, na niliyemwitia bodaboda ni mimi. Ningeuliza maswali matatu tu: nani kapiga, alikaa wapi, mtoto ananyonya? Ningemwambia mdogo wake ampige tena, katikati, kwenye 1. Ingechukua dakika mbili na angelala. Nikamwambia hivyo uso kwa uso, nikamwomba msamaha, nikamrudishia nauli ya kuja na ya kurudi. Alipokea bila kujifanya hataki, nami nilishukuru kwa hilo.

Kabla hajaondoka akasema, "Nesi, nipigie nyingine ya kupeleka kule." Tukamkalisha Junior mapajani kwa mama, karibu na dirisha, nami nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Namba kwenye 1. Kichwa katikati. Tepu tumeiacha imezunguka, 40 inasomeka. Akaituma kwenye grupu la ukoo palepale mbele yangu, bila neno lolote chini yake. Tukakaa tunasubiri. Shangazi wa Dar alituma alama ya moyo. Yule mwingine aliyesema aliliona siku nyingi hakuandika kitu.

Mwezi uliofuata walikuja kliniki watatu, Junior, mama yake na mama mkwe. Mama mkwe hakutaka kukaa kwenye benchi, alisimama karibu nami wakati napima, akaomba aishike yeye ncha ya tepu. Ilikuwa 41. Akaniambia nipime tena.